Miwani Isiyofumba Macho

Miwani yangu ya zamani ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi wa kushonea viatu. Niliivaa hivyo mwaka mzima wa mwisho wa chuo, pale Mbarara, na kila nilipopigwa picha na wenzangu niligeuza kichwa kidogo upande wa kushoto ili uzi usionekane. Nataja jambo hili kwanza kwa sababu watu wakisikia habari ya miwani yenye kamera hudhani niliitafuta kamera. Mimi nilikuwa natafuta kuona tu.

Sitaandika jina la mtu yeyote hapa. Mama ambaye habari hii ni yake ameniruhusu kuisimulia, kwa sharti kwamba nibadilishe vitu viwili vitatu. Nimevibadilisha na sitasema ni vipi.

Aliyeniletea miwani mpya ni mtoto wa baba mkubwa, ambaye miaka kadhaa iliyopita alipelekwa pamoja na familia yake kuishi nje. Nilimtumia picha ya karatasi ya daktari wa macho, naye akanitengenezea miwani hukohuko, akampa mtu aliyekuwa anakuja Nakivale, kambi ya wakimbizi tunakoishi, kuona wazazi. Ilikuwa na fremu nyeusi, nene, ya heshima. Kwenye pembe moja ya fremu palikuwa na kitundu, na kwenye pembe ya pili kitaa kidogo kama punje ya ulezi.

"Usiogope," alisema katika ujumbe wa sauti. "Ni lunete ya kawaida, ila inakamata picha na video. Unafinya hapa juu ya sikio, basi. Weye ni mutu wa masomo, usibakie nyuma."

Mtu mwingine angeivaa palepale. Mimi nilikaa nayo siku mbili ndani ya kisanduku chake nikijiuliza maswali. Nikiivaa, niwaambie watu kwamba ina kamera? Niwaambie kabla ya salamu au baada yake? Nisipowaambia, nimewadanganya? Nikiwaambia, hawatauliza ni ofisi gani imenituma? Huku kwetu mtu anayetazama sana huulizwa anamtazamia nani. Nilifanya hata mazoezi ya kusema sentensi moja, kwa sauti ndogo, mpaka mama yangu akapiga kelele kutoka jikoni:

"Uko naongea na nani?"

"Na mimi mwenyewe, mama."

"Basi umuambie huyo mwenyewe alete kuni."

Mwishowe niliivaa, na sikumwambia mtu. Nilijipa sababu kwamba nisipoifinya ni miwani tu. Sababu hiyo ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kuiunganisha na simu nilimpelekea fundi mmoja wa Mbarara, mzee wa Kiislamu mwenye meza karibu na stendi, ambaye alinitengenezea simu tangu mwaka wa kwanza. Aliigeuza miwani mkononi kama mtu anayenunua samaki.

"Sebo," aliniita bwana kwa lugha ya huko, "hii kitu iko na jicho."

"Najua, mzee."

"Watu wa huko kwenu wanajua?"

Nilisema nitawaambia. Akaunganisha, akabonyeza, akakunja uso. "Hii akaunti si yako. Iko ya mtu ya nje."

"Ni ya kaka yangu. Ndiye aliyeinunua."

"Kale, sawa. Kwa hivyo macho yako, kuona yake." Akacheka, akanirudishia. "Picha yote ikiingia kwa simu, inaenda na kwake pia. Mpaka ubadilishe."

Nilisema nitabadilisha. Nilikuwa na mambo mengi ya kubadilisha siku zile. Nilikuwa nimehitimu, sina kazi, natafsiri karatasi za watu, na kila Ijumaa mama yangu alinipeleka kwenye maombi ya kufunga, kwa kuwa aliamini kazi yangu imefungwa mahali fulani na itafunguliwa kwa magoti.

Kanisa letu ni la udongo na mabati, na upande mmoja bado ni turubai. Ijumaa saa saba mchana, watu hawajala tangu jana, joto limekaa juu ya vichwa. Kuna desturi moja ambayo kila aliyekulia kanisani kwetu anaijua. Mchungaji akifika mahali pazito, husimamisha nyimbo na kusema: "Kila jicho lifungwe. Mutu asiangalie mwenzake. Hapa ni weye na Mungu." Kisha anauliza jambo ambalo mtu hawezi kulijibu mbele ya watu, na mwenye jambo lake anainua mkono. Mchungaji anaomba, mkono unashuka, tunasema amina, tunafungua macho, na hakuna anayejua ni nani. Nimeona watu wengi wakitoka pale na nyuso zilizolegea kama watu waliotua mizigo. Huo ndio mlango pekee tulio nao wa kufunga. Nyumba zetu zinasikika kutoka nje, foleni zetu ni za hadharani, hata magonjwa yetu yanaitwa kwa sauti dirishani. Faragha yetu ni kope.

Ijumaa hiyo aliuliza mambo mawili ya kawaida, ulevi na chuki. Kisha akashusha sauti.

"Kuko mutu hapa anabeba jina lenye si lake. Mungu akiita jina lako la kweli, unaogopa kuitika. Unyanyue mukono. Hakuna mwenye atakuona."

Nilikuwa nimeinua uso, nimeshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshika mtu anayeomba kwa bidii. Kwa kweli nilikuwa nawaza kama kuomba kazi ninayojua siiwezi ni dhambi. Nikasikia kitu kikilia *ti* karibu na sikio. Nikadhani ni simu ya mtu.

Kidole changu kilikuwa kimefinya. Kitaa cha miwani, kinachowekwa ili watu wajue kwamba wanarekodiwa, kiliwaka mbele ya kanisa zima, na hakuna hata mmoja aliyekiona, kwa kuwa sote tulitii. Mimi pia nilitii. Macho yangu yalifungwa kabisa, naapa, huku miwani ikiangalia mbele kwa dakika tatu, mpaka ikajizima yenyewe.

Sikujua lolote hadi Jumatatu. Nilikwenda Mbarara kupeleka barua ya kuomba kazi Nyamitanga, ng'ambo ya mto, na wakati wa kurudi nikapita kwa fundi kutumia mtandao wake. Niliiacha simu ivute picha karibu saa nzima, kisha nikaifungua. Nikaona bati, turubai, migongo ya kanga. Nikaona shemasi wetu mzee, yule anayezunguka na kijiti kuwaamsha wanaosinzia, akifungua jicho moja, akitazama saa, akipiga mwayo mrefu, kisha akilifunga na kusema "Haleluya" kwa nguvu. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona, nyuma ya shemasi, karibu na nguzo, mkono.

Ulikuwa mkono wa jirani yetu, mama anayeuza mandazi. Alikuwa amegeukia upande wangu, na uso wake ulionekana wote. Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta.

Nilifunika simu kwa kiganja.

"Nini?" fundi aliuliza. "Umekufa?"

"Hapana, mzee."

"Rangi ya uso imekufa."

Huyu mama tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyowaita mama wote, kwa hiyo jina lake mwenyewe halitumiki. Nikakumbuka siku moja ya foleni, karani akiita jina kutoka kwenye karatasi mara tatu, yeye akiwa amesimama mbele yake kabisa bila kuitika, mpaka mtoto akamvuta nguo. Siku ile nilidhani sikio lake moja halisikii. Nilikumbuka pia jambo ambalo ujirani mzima ulikuwa unalijua na kulifurahia: yeye na watoto watatu walikuwa na faili la kwenda kuishi nje, na mahojiano yao ya mwisho yalikuwa yanakaribia. Katika mahojiano hayo jina ndilo la kwanza kuulizwa. Mtu wa ofisi akiiona video ile, au mtu mwenye wivu akiipeleka, faili lingeweza kufungwa. Na kama kwenye karatasi yeye si yule, basi watoto wale ni wa nani?

Niliifuta palepale. Ndipo nikaona ujumbe wa sauti kutoka nje, wa nusu saa iliyopita.

"Kaka, umeniua! Muzee anachungulia! Mwenye alikuwa anatupiga fimbo juu ya kuchungulia! Nimeitia mu grupe ya batoto ba zoni yetu, bantu banalia na kicheko."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya kibanda cha fundi, na nikawaza kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza kula. Nikimwambia aifute bila sababu, atauliza. Nikimpa sababu ya kweli, nimemwambia siri. Nikimpa sababu ya uongo, ataitazama tena kutafuta ya kweli. Nikinyamaza, wataitazama wote. Nikampigia.

"Kaka, ile video uitoe."

"Juu ya nini? Bantu banafurahi."

"Ni ya maombi. Haifai."

"Sasa Mungu hakumuona yule muzee? Sisi ndiyo wa mwisho kumuona."

"Shemasi atanichukia. Atajua ni mimi."

"Shemasi ana simu ya tochi." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Kuko kitu ingine?"

"Hapana."

Ile hapana ilitoka haraka mno. Nilisikia namna alivyoisikia.

"Sawa," alisema polepole. "Nimeifuta. Lakini bamoja balishaichukua, hiyo mi siwezi."

Nilifungua kundi. Vicheko vingi, shemasi amekwisha kugeuzwa kibandiko. Chini kabisa mtu mmoja ameandika: "Na ule mama wa nyuma, anasimamisha boda?" Na mwingine: "Ni nani? Kama ninamujua." Hakuna aliyemjibu. Nilisoma maneno hayo mara nyingi sana, nikitafuta kama "kama ninamujua" ni mzaha au ni kumbukumbu inayoamka. Hata leo sijui.

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwambia kwamba miwani yangu ilirekodi wakati wa maombi, kwa bahati mbaya, na kwamba nimefuta. Nilitegemea atanikemea. Alinitazama, akasogeza kiti, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ulimuona nani?"

Sikuwa nimefikiria kwamba yeye pia hufunga macho. Miaka yote nilidhani yeye anaona, kwa niaba yetu. Na sasa swali lake lilikuwa lilelile la kwenye kundi.

"Nilimuona shemasi," nikasema.

Alicheka, lakini alisubiri kidogo, kama mtu aliyefungua mlango na hajataka kuufunga. Tangu hapo, Ijumaa, baada ya kusema kila jicho lifungwe huongeza "na kila lunete itoke", na bibi wawili wazee wenye miwani ya kusomea Biblia huzivua na kuziweka mapajani, kwa utii. Aliuliza tena swali lile la jina, wiki iliyofuata. Sikusikia hata nguo ikisogea.

Lakini kabla ya hiyo Ijumaa nilikwenda kwa mama wa mandazi. Nilikuwa nimegeuza jambo hili kila upande. Kumwambia ni kumjulisha kwamba mimi najua, na desturi yote ile ipo ili mimi nisijue. Kutomwambia ni kumwacha aingie kwenye mahojiano akidhani siri ni ya watu wawili, yeye na Mungu. Niliiacha miwani nyumbani ndani ya kisanduku. Ilikuwa saa kumi, watoto hawajarudi kutoka shule, naye alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango, ubao wa unga magotini. Bila miwani nilimwona kama kivuli chenye kitambaa cha njano.

Nilimsalimu. Nikauliza habari za watoto, habari za unga, habari za mvua ya upande wa Ngarama.

"Mwana wangu," alisema, "unataka mandazi ao unataka kusema?"

"Nataka kusema, mama."

"Sema basi. Mafuta haijapata moto bado."

Nilisema. Nilianza mbali, kwa miwani ya uzi, nikafika kwa kaka, nikafika kwenye kitufe. Nilipofika kwenye Ijumaa, mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Siku ile ulifunga macho?"

"Nilifunga, mama."

"Sasa uliona na nini?"

"Na lunete."

Jirani wa ng'ambo alipita akamsalimu, naye akaitikia vizuri kabisa, akamwuliza na hali ya mguu. Jirani alipokwisha kupita akasema, "Na pastere alichouliza, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi unajua."

"Sijui mingi, mama."

"Unajua." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nionyeshe."

Nikamwambia nimeifuta. Nilidhani hiyo ni habari njema, nilikuwa nimeiweka akiba ya mwisho. Alikunja kitambaa, akakiweka chini.

"Umefuta mbele ya mi kuona? Batoto ba zoni baliona. Ndugu yako huko aliona. Weye uliona. Mi mwenye mukono, ni mi peke yangu sikuona."

Nilikuwa nimefikiria mambo yote isipokuwa hilo.

Baadaye alinisimulia, kwa maneno machache, huku akichunga njia kwa macho. Dada yake alitangulia kufika na watoto, akaandikishwa. Yeye alifika nyuma yao, akamkuta dada yuko chini kwa ugonjwa, na baada ya wiki mbili akamzika. Karatasi ilikuwa na jina la mama wa watoto, na watoto walikuwa wanamshika nguo. Karani alipoita jina lile, yeye aliitika. "Niliitika mara moja," alisema. "Kisha haikuwezekana kuacha kuitika."

Nilimwambia kwamba pengine hakuna aliyemtambua. Pengine watu wanamcheka shemasi tu. Pengine yule aliyeandika amekwisha kusahau.

"Pengine," alisema. "Weye unaweza kulala na pengine?"

Mimi, niliyelala na pengine maisha yangu yote, nilitazama chini.

"Wiki ijayo tunaitwa," akaendelea. "Pale bataniuliza jina. Miaka yote nilikuwa najibu, roho inaniuma, lakini najibu. Sasa nikijibu nitakuwa naangalia uso ya yule mutu wa ofisi, najiuliza kama ameona. Mutu akikusema mbele ya weye kujisema, hutubu tena. Unabaki kujitetea. Weye umesoma. Kuko kalamu?"

"Mama, wanaweza kufunga faili. Wanaweza kusema watoto si wako."

"Si wangu. Ni ba dada yangu." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Andika ile. Anza na ile."

Nilikuwa na daftari kwenye mfuko. Nikaandika kwa Kiingereza, naye akanifuatisha kwa Kiswahili, akiuliza kila sentensi inasema nini, na mara mbili akanifanya nifute maneno ambayo niliyaongeza ili asikike kama mtu wa kuhurumiwa. Hakutaka kuhurumiwa. Alitaka waandike kwamba dada alikuwapo. Kwa kukosa miwani niliandika pua ikiwa karibu na karatasi, na herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la pili.

Barua ile aliipeleka mwenyewe ofisini kesho yake. Mahojiano yaliahirishwa. Ninapoandika haya, jibu halijaja, na kila asubuhi ninaponunua mandazi kwake natazama uso wake kujua kama nimemwokoa au nimemvunja, naye hunipa chenji na kuniambia nisogee, kuna watu nyuma yangu. Miwani nimeirudisha kwenye kisanduku. Nimerudia ile ya uzi.

Lakini siku ile, pale mkekani, barua ilipokwisha bado ilikuwa na pengo moja juu, mwanzoni kabisa, pale panaposema mimi ni. Nilimtazama. Alitazama njia, kulia na kushoto. Nikadhani ataninong'oneza.

Alisawazisha unga juu ya ubao kwa kiganja. Kisha, kwa kidole, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayejaribu kama mkono bado unakumbuka, akaandika jina lake. Niliinama mpaka nikahisi unga puani, nikalisoma, nikaliandika kwenye pengo. Aliangalia daftari, akaangalia ubao, akahakikisha kwamba yamelingana.

Halafu akamimina maji katikati, akaanza kukanda.